Mifuko chini ya macho baada ya miaka 40: kabla hujanunua krimu nyingine, jua kwanza umebeba nini

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nina miaka 49. Kwa karibu miaka sita nimekuwa nikiamka, nikijitazama kwenye kioo naona mtu aliyelia usiku kucha, ilhali nimelala vizuri. Kazini swali la kwanza la asubuhi ni lile lile: "Dada, unaumwa?" Wengine huniuliza kwa sauti ya chini kama nimefiwa. Inachosha. Unajisikia mzima wa afya, lakini uso unawatangazia watu msiba.

Naandika kwa sababu nimepoteza fedha na miaka kwenye vitu visivyohusiana kabisa na tatizo langu, na kimoja nusura kiniharibie macho. Sitaki mwingine wa rika langu apite njia hiyo, awe mwanamke au mwanaume.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuviita vyote "mifuko". Kuna maji, kuna mafuta, kuna ngozi iliyolegea, kuna rangi, na kuna kivuli tu. Ukiwa mbali vinafanana. Dawa zake hazifanani hata kidogo.

Jicho limekaa ndani ya tundu la mfupa, na limezungukwa na mafuta laini yanayolikinga. Kwenye kope ya chini mafuta hayo yako katika vifungu vitatu, na mbele yake kuna utando mwembamba unaoyazuia yasitokeze. Umri unavyosogea utando ule unalegea, mafuta yanausukuma kuja mbele. Si lazima uwe umenenepa uso, kwa sehemu kubwa ni mafuta yale yale uliyokuwa nayo ukiwa na miaka 20, yamehama. Wakati huo huo nyama ya shavu inashuka, basi kati ya kifuko na shavu panabaki bonde, na bonde likipigwa na taa ya juu linatoa kivuli. Juu ya hayo yote, ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, kama nusu milimita. Haifichi kitu.

Sasa fanyeni hivi. Kaeni dirishani mchana, kioo kiwe usawa wa uso. Bila kuinua kichwa, inueni macho mtazame juu. Uvimbe ukitokeza zaidi, na ukapungua mnapotazama chini, hayo ni mafuta. Kisha mpige picha asubuhi mkiamka na nyingine jioni, siku saba, mahali pale pale. Uvimbe unaokuwa mkubwa asubuhi na kuisha jioni ni maji. Kwa weusi, vuteni ngozi taratibu kwa kidole kuelekea sikioni: ukibaki vile vile ni rangi ya ngozi yenyewe, ukizidi kuwa wa zambarau ni mishipa ya damu inayoonekana kwa chini, ukipungua, au ukipotea mkimulika tochi kwa mbele, kilikuwa kivuli. Mwisho, baneni ngozi kidogo kwa vidole viwili na kuiachia. Ikichelewa kurudi mahali pake, imelegea.

Mimi nilikuta mafuta kwa sehemu kubwa, na rangi kidogo. Miaka yote ile nilikuwa napaka krimu za macho. Hakuna krimu inayopita kwenye ngozi, ikapita msuli, ikayashika mafuta na kuyarudisha nyuma ya utando. Laiti mtu angeniambia sentensi hiyo moja nilipokuwa na miaka 43.

Karibuni tuchangie.

#2 Mchangiaji wa kwanza

Asante sana mleta uzi. Nimefanya jaribio la kutazama juu sasa hivi, sioni tofauti yoyote. Ila asubuhi huwa nimevimba mpaka miwani inabana, saa nne hivi nakuwa sawa. Huwa naweka vijiko viwili kwenye friji, nikiamka naviweka juu ya macho. Vinanisaidia. Je, ninajidanganya?

#3 Mleta uzi

Hujidanganyi, ndugu yangu. Hayo ni maji, na baridi inabana mishipa ya damu, uvimbe unashuka kwa muda. Krimu zenye kafeini nazo zinafanya kazi kwa namna hiyo: saa chache, basi. Zinafaa siku ya harusi au picha.

Lakini jiulize maji yanatoka wapi. Ukilala chali, maji yaliyokuwa yanavutwa miguuni mchana kutwa yanasambaa hadi usoni, na penye ngozi nyembamba ndipo yanapoonekana. Chumvi nyingi usiku inayaongeza, pombe pia, kulia pia. Inua kichwa kwa mto wa pili, au bora zaidi nyanyua kichwa cha kitanda chenyewe, kwa sababu mito miwili mirefu humaliza shingo. Punguza chumvi ya chakula cha jioni kwa wiki mbili uone.

Na kama macho yanawasha, pengine ni mzio. Huo wenyewe unavimbisha, halafu wewe unasugua, na kusugua kunaleta weusi ambao hauondoki na vijiko. Tibu mzio kwanza. Watu wengi wenye weusi wa kudumu wanasugua macho bila kujua; waombe wa nyumbani wakuangalie.

#4 Mchangiaji wa pili

Dada, hicho kilichotaka kukuharibia macho ni nini? Usituache hewani.

#5 Mleta uzi

Sitawaacha.

Nilipofika miaka 45 nilikwenda duka la vipodozi kuulizia kitu cha weusi. Muuzaji alinitolea kikopo cheupe kisicho na maandishi, akasema ni mchanganyiko wao wenyewe, watu wanakuja kuufuata kutoka mbali. Wiki ya kwanza weusi ulififia. Wiki ya tatu ngozi ilikuwa inang'aa, watu wananisifia. Nikarudi kuchukua vikopo vitatu.

Kufikia mwezi wa tano ngozi ya chini ya macho ilikuwa kama ganda la ndani la kitunguu. Vimishipa vyekundu vilijichora kama nyuzi. Nikiacha kupaka siku mbili, uso unawaka moto na kuwa mwekundu, nikipaka, unatulia. Nikaona ndiyo dawa yangu ya maisha.

Nilikwenda kupima miwani ya kusomea, si zaidi ya hapo. Daktari wa macho alipima presha ya macho, akarudia, akarudia tena. Ilikuwa 27 jicho moja na 26 la pili, wakati kawaida ni kati ya 10 na 21. Aliweka kalamu chini, akanisogelea, akaiangalia ngozi yangu kwa karibu, akauliza: "Mama, unapaka nini hapa?" Hakuuliza kingine.

Kikopo kile kilikuwa na steroidi kali. Daktari wa ngozi alivyoona tu alijua. Steroidi ni dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, halali na yenye msaada mkubwa mikononi mwa daktari, lakini ukiipaka jirani na macho miezi kwa miezi inapandisha presha ya jicho, inaweza kuleta glaukoma na mtoto wa jicho, na inaila ngozi mpaka inakuwa karatasi. Glaukoma inakula uoni kimya kimya, haiumi. Kama nisingekwenda kutafuta miwani, leo nisingekuwa naandika hapa.

Nilipunguziwa steroidi polepole chini ya usimamizi wa daktari. Presha ilishuka baada ya miezi michache. Vile vimishipa vyekundu vimebaki mpaka leo.

Tafadhali, kitu chochote kisicho na orodha ya viambato usikisogeze machoni. Mikorogo mingine ina zebaki, ambayo inaharibu figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013, unaohusu zebaki, uliamua vipodozi vingi vilivyoongezewa zebaki visitengenezwe wala kuuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine baada ya 2020, lakini bado vinaonekana. Mingine ina haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, isiyojulikana kipimo chake, na hiyo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wa samawati ambao karibu hautoki. Na kuna wanaopaka krimu ya bawasiri chini ya macho kwa sababu inabana mishipa. Baadhi ya hizo zina steroidi pia. Acheni.

#6 Mchangiaji wa tatu

Mkuu, sisi wanaume tunasoma hizi mada kimya kimya. Nina miaka 53, nimeendesha magari makubwa miaka zaidi ya 20. Hivi karibuni mke wangu alinishika kidevu akanigeuza huku na huku akasema, "Upande mmoja umezeeka kuliko mwingine." Nikadhani ananitania. Nimetazama vizuri, ni kweli: upande wa dirishani mikunjo ni mirefu na mfuko wa jicho umeshuka zaidi. Kioo cha gari huwa nimekifunga, kwa hiyo sielewi.

#7 Mleta uzi

Kaka, mke wako ana jicho la daktari. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ngozi ilikuwa nene, imejaa makunyanzi na vinundu. Upande wa kulia alionekana kijana zaidi. Uso mmoja, umri mmoja, tofauti ni jua.

Kioo kilichofungwa hakikukingi vya kutosha. Mionzi ya jua isiyoonekana, ya urujuanimno (UV), inayotufikia ni ya aina mbili: UVB inayounguza, na UVA inayoingia ndani zaidi na kukata kolajeni, protini inayoishikilia ngozi. Kioo cha kawaida kinazuia sehemu kubwa ya UVB, ndiyo maana huungui garini, lakini UVA nyingi inapita. Unazeeka bila kuungua.

Hapa ndipo penye ushahidi mzito kuliko mahali pengine popote kwenye mada hii. Mjini Nambour, Australia, watu 903 wenye umri chini ya miaka 55 waligawanywa: kundi moja lipake mafuta ya kukinga jua kila siku, lingine lipake lipendavyo. Miaka minne na nusu baadaye, dalili za kuzeeka kwa ngozi zilikuwa pungufu kwa asilimia 24 kwa wale wa kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Walikuwemo wa rika letu, si vijana tu. Kwa hiyo hujachelewa.

Chagua yenye SPF (namba ya kiwango cha kinga) 30 kwenda juu na imeandikwa kuwa inakinga UVA pia. SPF 30 inazuia UVB kwa takriban asilimia 97, SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo usiumie kutafuta namba kubwa. Umia kupaka ya kutosha. Mistari miwili juu ya vidole viwili, cha shahada na cha kati, kuanzia shina mpaka ncha, ndiyo kiasi cha uso na shingo. Watu wengi tunapaka robo mpaka nusu yake. Ukiwa juani rudia kila baada ya saa mbili. Ikiwa inachoma macho, tafuta zenye oksidi ya zinki, nazo hazisumbui sana. Miwani ya jua mikubwa inakinga kope na inakuzuia kukunja macho.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tusidanganyane. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inatukinga, mikunjo inachelewa kwetu, ni neema kweli. Lakini rangi zetu zinavurugika haraka: mwasho kidogo, mkwaruzo kidogo, doa linabaki miezi. Weusi chini ya macho kwetu ni wa kawaida zaidi, na jua linaukoleza.

#8 Mchangiaji wa nne

Naomba kuuliza kwa heshima. Nina miaka 51, hedhi imekoma mwaka jana. Ngozi yangu ilikuwa ya mafuta maisha yote. Ndani ya mwaka mmoja imekuwa kavu, inawasha, na mashavu ni kama yameachiwa. Ni mawazo yangu tu?

#9 Mleta uzi

Si mawazo yako, mama. Kolajeni inapungua kwa takriban asilimia moja kila mwaka tangu ujana, polepole, huoni. Hedhi ikikoma, estrojeni, homoni ya kike, inashuka, na ndani ya miaka mitano ya kwanza ngozi inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake. Baada ya hapo ni kama asilimia mbili kwa mwaka. Ndiyo maana wanawake wengi tunasema "nimezeeka ghafla". Ni ghafla kweli.

Kwanza badilisha sabuni. Ile iliyokuwa inakata mafuta vizuri ulipokuwa na miaka 30 sasa inakuadhibu. Tumia kisafishio kisicho na povu jingi wala manukato, kisha paka mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu. Ngozi kavu inaonyesha kila kamstari, na ikilainishwa vizuri nusu ya unachokiona jioni ile ile kinatulia.

Kuhusu kolajeni yenyewe, dawa ya kupaka yenye historia ndefu ni tretinoini, iliyotokana na vitamini A. Ilianza kama dawa ya chunusi, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1971. Daktari Albert Kligman na wenzake wakaona wagonjwa wa umri mkubwa wanapungukiwa na mikunjo pia, na mwaka 1995 ikaidhinishwa kwa kazi hiyo. Retinoli inayouzwa bila cheti ni ndugu yake mpole. Ngozi inaibadilisha hatua kwa hatua mpaka inakuwa kitu kile kile, kwa hiyo nguvu ni ndogo na muda ni mrefu.

Mimi natumia retinoli tangu ngozi yangu ipone. Nilianza usiku mbili kwa wiki. Kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, na karibu na jicho naishia juu ya mfupa unaouhisi ukibonyeza. Sipandi kwenye kope. Napaka mafuta ya kulainisha kwanza, kisha retinoli juu yake. Miezi minne sikuona kitu. Mwezi wa sita vimistari vya pembeni ya jicho vilikuwa vimelegeza makali. Kifuko hakikusogea hata kidogo, na sikutegemea kisogee. Ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto, hata ukiwa na miaka 44, usiiguse.

Kwa mnaotumia dawa ya matone kwa ajili ya glaukoma, aina za latanoprosti na bimatoprosti: zinaweza kukoleza weusi wa kope na kuzamisha macho. Mwambie daktari wako kama linakusumbua, lakini usiache matone kwa sababu ya kioo.

#10 Mchangiaji wa tano

Nimesubiri mtu aguse upasuaji. Nimefanya kope za chini miaka miwili iliyopita, nikiwa na 56.

Daktari aliingia kwa ndani ya kope, hakuna kidonda cha nje wala uzi. Kabla ya hapo alinihoji kwa muda mrefu: macho makavu? dawa za kuyeyusha damu? tezi ya shingo? Daktari asiyeuliza hayo, ondoka. Nilikuwa na ganzi na dawa ya kutuliza, nasikia watu wanaongea. Siku ya pili uso ulikuwa kama nimepigwa ngumi, zambarau mpaka mashavuni. Nililala nimeinua kichwa wiki mbili. Macho yalikuwa makavu miezi miwili, naweka matone kila saa.

Nilipewa karatasi moja yenye onyo: ukipata maumivu makali ya ghafla, jicho likajitokeza au uoni ukapungua, usisubiri asubuhi, rudi hospitali. Damu ikijikusanya nyuma ya jicho inaweza kupofusha. Ni nadra, lakini niliibandika ukutani.

Vifuko vimekwisha. Weusi haukuguswa, mikunjo haikuguswa. Nimeridhika kwa sababu nilijua hilo mapema. Aliyekuwa kitanda cha jirani alitaka arudi miaka 30, naye alitoka analia.

#11 Mleta uzi

Ubarikiwe kwa kusema yote, mpaka ukavu wa macho.

Niongeze kuhusu sindano za kujaza bonde. Zile za asidi ya hayaluroni zinaziba kivuli kwa watu wenye bonde bila kifuko kikubwa. Lakini zinavuta maji, na zikiwekwa juu juu zinaonyesha rangi ya bluu chini ya ngozi. Hatari kubwa ni mishipa: ya eneo hilo imeunganika na ya jicho, na dawa ikiingia ndani ya mshipa inaweza kuziba damu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Upofu wa namna hiyo mara nyingi haurudi. Asikuchome mtu wa saluni. Achome daktari anayejua mishipa hiyo, mwenye dawa ya kuyeyushia mkononi.

Sindano ya Botox inalegeza msuli, inapunguza mikunjo ya pembeni unapocheka. Haiondoi kifuko.

Mimi bado sijaamua upasuaji. Kwa historia yangu ya presha ya macho, daktari anataka mwaka mzima wa vipimo vizuri kwanza.

#12 Mchangiaji wa kwanza

Mleta uzi, mimi ndiye wa vijiko. Nimefanya picha za siku saba kama ulivyosema. Asubuhi ni uvimbe wa macho yote mawili, kweli unapungua. Lakini nilipoziangalia kwa mpangilio nimeona hata za jioni sasa zimevimba kuliko za mwanzo. Na sikusema mwanzoni kwa aibu: soksi zinaniachia alama nzito jioni, na mkojo una povu ambalo halitoki haraka. Nina miaka 47. Nilidhani ni umri.

#13 Mleta uzi

Ndugu yangu, hiyo usiiweke kwenye kapu la umri. Uvimbe wa macho asubuhi, miguu jioni, na mkojo wenye povu unaweza kuwa figo zinapitisha protini. Kesho asubuhi nenda kapime mkojo na damu ya figo, na wakupime presha ya kawaida. Waombe na tezi ya shingo. Tezi hiyo ikifanya kazi kivivu inavimbisha uso pia. Kipimo cha mkojo ni kijiti tu, majibu ni dakika chache. Vijiko viache kwenye friji.

#14 Mchangiaji wa pili

Nakazia. Nenda, kaka. Na urudi utuambie.

#15 Mchangiaji wa kwanza

Nimetoka huko sasa hivi, niko nje nimekaa kwenye benchi. Protini kwenye mkojo ni nyingi, alama tatu. Presha 158 kwa 96. Damu majibu Jumatatu, na nimeshaandikiwa kwenda kwa daktari wa figo wiki hiyo hiyo. Daktari aliniuliza nimejuaje kuja, nikamwonyesha zile picha saba kwenye simu. Amezitazama zote, amesema nizihifadhi nimpelekee na mwenzake.

#16 Mleta uzi

Tuko na wewe. Usiku huu chumvi weka pembeni, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki usizinywe mpaka umwone daktari wa figo, zinaziumiza. Endelea na picha, asubuhi na jioni, mahali pale pale. Jumatatu nitakuwa hapa nasubiri majibu yako.